Mwenye Mti Hakati

Katika klabu yetu ya mawaridi hapa Kamembe, upande wa Rwanda, tuna sheria ambayo mtu akiisikia mara ya kwanza anacheka: mwenye mti hakati mti wake. Wakati wa kupogoa ukifika, unakaa kitini na kikombe chako cha chai, na mwenzako ndiye anaingia bustanini na mkasi. Tena si mwenzako wa karibu. Jirani haruhusiwi, maana jirani atakuonea haya. Kesho atahitaji kukuomba chumvi. Anachukuliwa yule anayekaa mbali zaidi.

Aliyeileta sheria hiyo ni Maman Nzigire. Ni mtu wa Bukavu, kule Kongo, anavuka mpaka na vitenge vyake na kuviuza katika soko letu, na klabu ni yeye aliyeianzisha, nyuma ya nyumba anayopanga huku. Ukimwuliza sababu anakwambia, "Mwenye muti iko na huruma. Atakata kidogo kidogo, sawa vile muntu ananyoa mutoto mwenye kulala. Kiisha muti inabakia na matawi ya buzee, inakula bure, maua hapana."

Nilicheka na wengine. Ni rahisi kuicheka sheria ambayo haijafika mlangoni kwako.

Mwaridi wangu haukuwa wangu, ulikuwa wa mama. Mama alikuwa anafua mashuka ya masista, na siku moja alirudi na kijiti kimefungwa kwenye kitambaa kibichi, akakichomeka nyuma ya jiko, akaendelea kupika. Hakuna aliyemwambia kwamba mawaridi ni ya watu wenye geti. Kijiti kikashika, kikapanda mpaka paa la jiko, kikaanza kutoa maua yenye rangi ya ufizi wa mtoto mchanga. Mama alipofariki nilikuwa nimemaliza la sita, na shule yangu ikaishia hapo. Nikabaki na baba, na kazi za nyumba, na ule mwaridi. Kila asubuhi nilipowasha moto nilisimama kwanza mbele yake. Sikuwa nasali. Nilikuwa nautazama tu, jani kwa jani, kama mtu anayemtazama mgonjwa wake kama amelala vizuri.

Maman Nzigire alitugundua kwa pua. Alikuwa anapita barabarani na mzigo wake, akasimama, akapiga hodi.

"Muko na roza huku, ao ni pua yangu inanidanganya?"

Nikamwonyesha. Akautua mzigo, akauzunguka mti mara nyingi. Halafu akaniuliza naupa dawa gani. Nikamwambia siupi dawa, vidukari navifinya kwa vidole. Akanishika ile mikono, akaigeuza. "Ma fille, binti yangu," akasema, "Jumapili, kisha misa, unakuya kwangu. Na vidole vyako ulete."

Ndivyo nilivyoingia. Klabu yetu si ya watu wakubwa. Kuna mshonaji, kuna mwalimu, kuna Mzee Kabera, mkulima wa mpunga wa kule Bugarama, Mwislamu, ambaye anatuletea makapi ya mpunga ya kufunika udongo ili maji yasikauke. Kila anayekuja anakuja na kijiti cha kumpa mwingine, na kila anayeondoka anaondoka na kijiti. Dawa za kupuliza tulizikataa. Tunapanda vitunguu saumu katikati ya mawaridi, tunakinga mvua kwenye mapipa, na hatutupi kitu: maganda ya ndizi, majani ya chai, matambara, vyote vinarudi udongoni. Mimi niliyezoea kutazama nikiwa peke yangu, pale nilipata watu wa kutazama nao. Nawashukuru mpaka leo, hata kabla sijafika kwenye lile jambo lenyewe.

Jambo lenyewe lilianza na mvua. Kilima kilicho nyuma ya nyumba yetu kilipasuka, ufa mrefu kama mdomo, juu kidogo ya jiko. Viongozi walikuja, wakaupima, wakatuambia tuhame kabla hakijashuka. Tulipewa nyumba nyingine nyuma ya uwanja wa ndege. Baba alifurahi, maana tangu mvua ianze alikuwa analala na viatu. Ile ya zamani ingebomolewa, na mahali pale pangeachiwa nyasi na miti ya kushika udongo.

"Na mwaridi?" nikamwuliza.

"Iriza, tunahamisha watu."

"Baba."

Akautazama. "Huo umemzidi mama yako urefu. Utauhamishaje, kwa kuushika mkono?"

Jumapili nikawaambia wenzangu. Mzee Kabera akapanguza miwani yake. "Mti wa umri huo, binti yangu, ni kama mimi. Ukining'oa Bugarama ukanipanda Kigali, naweza kushika, naweza kukataa."

"Itashika," Maman Nzigire akasema. "Lakini itakatwa kwanza. Mizizi nusu itabakia kule chini. Mizizi kidogo haiwezi kulisha kichwa kikubwa."

Hapo wote wakageuka kumtazama Damascène.

Damascène anafanya kazi kwenye kiwanda cha simenti, kule tambarare ya Bugarama, ndiye anayekaa mbali kuliko wote ukimwondoa Mzee Kabera, ambaye mwenyewe anasema akipewa mkasi atakata waridi pamoja na kidole cha mwenye waridi. Ni mwanamume mpana, mwenye mikono iliyopasukapasuka, na anacheka kabla hujamaliza kusema. Mwaka uliotangulia alikata mwaridi wa Maman Nzigire, ule uliokuwa umepanda ukuta mzima. Aliukata mpaka kwenye kifundo cha mguu. Mpaka siku hiyo ukuta ulikuwa bado mtupu.

"Wangu nitaukata mwenyewe," nikasema.

"Ehee!" Damascène akapiga makofi. "Ya wengine nikikata, Iriza anacheka. Ya kwake, anataka wakili."

"Ukuta wa Maman uko wapi?"

"Ukuta uko pale pale. Roza ndiyo haiko."

Watu wakacheka, hata Maman Nzigire mwenyewe, lakini yeye hakuniachia. "Sheria ni sheria, ma fille. Mimi nililia ile siku, unajua. Na bado nilimuita tena kwa ile roza ya mulango."

Walikuja siku mvua ilipopumzika. Damascène alikuwa na mkasi, msumeno mdogo, na mfuko mtupu wa simenti ameukunja kwapani. Alisimama mbele ya mwaridi wa mama kwa muda, bila mzaha, jambo lililonishangaza.

"Dada, unataka nikate wapi?"

Nikagusa kifua changu. Yeye akainama, akagusa goti lake.

"Hapana," nikasema. "Damascène, huu ni wa mama."

"Najua. Njo maana nakata chini." Akauelekeza mkasi kwangu, kwa mpini. "Basi kata weye. Leo sheria ilale. Kata, mimi nitachimba."

Maman Nzigire akasogea kando kunipisha.

Nikaushika mkasi. Nilikuwa nimeutazama mti ule miaka yote, nikadhani nitajua. Lakini kila tawi nililolishika lilikuwa na kitu: hili lina tumba, hili lina jani jipya, hili ndilo mama alilokuwa analifunga kwenye msumari ili lisimkwaruze akipita na sufuria. Nikakata kijitawi kimoja kikavu, kile ambacho hata upepo ungekikata. Nikasimama pale na mkasi, na jasho, na watu wote wananingoja kwa upole. Hakuna aliyenicheka. Nadhani hicho ndicho kilichonishinda. Nikamrudishia, nikaenda mbele ya nyumba alipokuwa baba.

Tukasikia msumeno.

"Anakata kama mtu anayelipwa kwa kilo," baba akasema.

Niliporudi vilikuwa vimebaki visiki, urefu wa goti, vyeupe kwenye vidonda. Paa la jiko lilikuwa uchi. Matawi yalikuwa yamekwisha kukatwa vijiti na kufungwa matita, kila mwanachama lake, maana ndivyo tunavyofanya. Nikalia, na Maman Nzigire akanishikilia kwa ubavu, akisema, "Lia, lia. Hata miye."

Wakachimba kwa upana, wakautoa na udongo wake kama kichwa cha ng'ombe. Damascène akaukung'uta ule mfuko wa simenti mpaka akakohoa, akautumbukiza mti ndani na kuufunga kwa kamba za mgomba. Tukaupakia kwenye baiskeli, mmoja anasukuma, wawili wanashikilia, tukapita mjini watu wakiuliza tunampeleka mgonjwa wapi. Kwenye nyumba mpya, baba alikuwa ametutengea kona ya shamba lake la maharage, kona ndogo. Nilipoanza kufungua mfuko ili kupanda, Damascène akanizuia.

"Acha. Ni karatasi ile. Itaoza humo humo, udongo hautamwangika, mizizi haitasikia kitu."

"Uone akili!" Mzee Kabera akasema.

Kweli wote tulifurahi. Hatutupi kitu, na hapa hata mfuko ulikuwa unarudi udongoni. Tukaupanda na mfuko wake, tukafunika makapi, tukanywa chai.

Mvua ya mwaka ule haikuwa na adabu. Vijiti tulivyogawana vilioza karibu vyote. Vya Maman Nzigire viligeuka uji. Mshonaji alivitunza vya kwake ndani ya nyumba, navyo vikaota ukungu. Kila Jumapili mtu mmoja alikuja akiwa ameinamisha kichwa: "Iriza, vya kwangu pia." Ikafika mahali nikaelewa kwamba kama kile kisiki hakitaishi, mwaridi wa mama hautakuwepo tena popote duniani, maana kule kwa masista waliung'oa wao zamani.

Kilianza vizuri. Machipukizi mekundu yakatoka kwenye magoti ya visiki, yakafungua majani. Halafu majani yakageuka manjano. Si manjano ya kuzeeka, bali manjano yenye mishipa ya kijani, mishipa imesimama kama ya mkono wa bibi kizee, na ncha zimeungua. Niliyatazama asubuhi, nikayatazama jioni. Nikampigia Maman Nzigire. Akaja, akasema labda ni maji mengi. Mzee Kabera akasema labda ni makapi, yamewekwa mapema. Tukayaondoa makapi. Manjano ikaendelea kupanda.

Jumapili Damascène akafika kutoka Bugarama. Alipiga magoti, akashika jani moja, akalitazama kwenye mwanga. Kisha akaingiza vidole udongoni pembeni ya mzizi, akachimba mpaka kwenye mfuko, akatoa kipande. Kilikuwa cha kijivu, kigumu, kama kigae. Akakisugua kwa dole gumba.

Akakaa chini pale pale, kwenye maharage.

"Simenti," akasema. "Ni mimi. Nilikung'uta, lakini ile mikunjo ya chini, kule karatasi inakunjwa na kushonwa, inabakia. Na mvua hii yote imeiyeyusha inashuka." Akatugeuzia viganja vyake, ile mipasuko. "Angalieni mikono. Njo vile inafanya. Mizizi ni laini kushinda mikono yangu."

Mzee Kabera, ambaye alikuwa ameisifu ile akili, akavua kofia yake na kuivaa tena.

"Tunautosha, tunaung'oa tena?" Maman Nzigire akauliza.

"Sasa hivi," Damascène akasema.

Kuung'oa mti mara ya pili kabla haujashika ni kumwamsha mgonjwa na kumpeleka hospitali nyingine kwa miguu. Lakini tuliung'oa. Tuliuchana ule mfuko kipande kwa kipande, tukaiosha mizizi kwenye beseni la maji ya mvua, Damascène anamimina na mimi natoa vipande vya kijivu kwa kucha. Mizizi midogo ilikuwa imegeuka kahawia na kutelezateleza. Maman Nzigire akaenda akarudi na gunia la udongo mweusi wa chini ya miti, akiubeba kichwani, kitenge chake kizuri kikichuruzika. Tukachimba shimo lingine, mbali na lile, ndani zaidi ya maharage ya baba. Baba aliona, akaendelea kupalilia.

Majani yakaanguka yote. Visiki vikaanza kuwa vyeusi kutoka juu, vinashuka kidogo kidogo, kama mshumaa unaoliwa na moto usioonekana. Damascène alikuja kila alipopata siku yake ya kupumzika, anapanda gari kutoka tambarare, safari nzima ile, kuja kutazama visiki vyeusi. Alisimama pembeni. Nikimwita akae, anasema ana haraka.

Siku moja baada ya Damascène kuondoka, baba aliniambia, "Yule mtu umemchukia?"

"Hapana."

"Basi mwambie hivyo. Anayekosa akakimbia, mwache akimbie. Lakini anayekosa akarudi, tena kwa nauli yake, huyo unamwekea kiti."

Niliwaza maneno hayo usiku na mchana. Safari iliyofuata nilitoa kiti nje kabla hajafika, nikakiweka karibu na kisiki, na cha kwangu kando yake. Alipokiona akasimama njiani.

"Hiyo ni ya nani?"

"Cha mtu wa kutazama. Mimi nimechoka kutazama peke yangu."

Akakaa. Tulitazama pamoja, hatukuongea sana. Akanisimulia kwamba baada ya kuukata ule wa ukutani alikuwa hapati usingizi, kwamba anacheka ovyo kwa sababu anaogopa kukata. "Batu banafikiri sina huruma," akasema. "Huruma niko nayo. Lakini kama na miye nikikata kidogo, nani atakata?"

Weusi ulikuwa umefika karibu na udongo baba aliponiambia, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kwamba mbegu zake za msimu mpya ziko tayari, na ile nafasi anaihitaji. Nikamwomba aningoje. Akasema atapanda kwanza upande wa pili.

Asubuhi moja nilikwenda kung'oa majani mabaya, nikaona kitu chekundu kimetoka udongoni, pembeni ya kisiki. Si kwenye kisiki chenyewe, bali chini, pale ardhi ilipoachana nacho. Nilidhani ni gugu. Kilikuwa na miiba midogo laini, kama ulimi wa paka.

Nikawaita. Maman Nzigire alifika na mzigo wake wa soko, Damascène akaja mchana. Aliinama, akatabasamu, halafu tabasamu likakatika.

"Isikudanganye, dada. Yenye kutoka chini, mara mingi ni ya pori. Bale bauzaji ba miche banashonea roza nzuri juu ya muzizi wa pori. Ya juu ikikufa, ya pori inatoka. Itakuwa na miiba mingi na maua ya bure."

Lakini Maman Nzigire alikuwa amekwisha kuanza kucheka, anacheka mpaka akashika kiuno.

"Damascène, weye! Mama ya Iriza alinunua ku muuzaji gani? Ku masista, kijiti, ndani ya kitambara! Hakuna mwengine kule chini. Juu ni yeye, chini ni yeye, mpaka ncha ya muzizi ni yeye!"

Damascène akatazama kile kitu chekundu, akanitazama mimi, kisha akavua kofia yake ya kazi kama mtu aliyekutana na mwenye nyumba.

Ukweli tulitaka kuuona kwa macho. Kwa hiyo tukangoja tena, lakini kungoja huko kulikuwa kwingine. Chipukizi likawa refu, likatoa mwenzake, likatoa majani mapana ya kijani bila hata doa la manjano. Baba alipopanda maharage yake alizunguka, akaacha duara kubwa kuliko ile kona aliyonipa mwanzoni, na nilipomtazama alisema kamba yake ya kupimia ilikuwa imepinda. Tumba likatoka. Nilimkataza kila mtu kuligusa, na Maman Nzigire alinikumbusha kwamba aliyekatazwa kukata ni mimi.

Lilifunguka siku ambayo sikuwepo. Nilikuwa sokoni, kwenye meza ya Maman Nzigire, namsaidia kukunja vitenge, simu ikalia. Ilikuwa namba ya baba, na baba hapendi simu, huwa anaipigia kelele kama iko ng'ambo ya ziwa.

"Iriza! Rudi. Limefunguka!"

"Rangi gani, baba?"

Nikamsikia anavuta pumzi kwa pua, ndefu, nikajua ameinama mpaka chini kwenye maharage.

"Ni lenyewe," akasema. Sauti yake haikuwa na kelele tena.

Maman Nzigire alikuwa amesikia. Alianza kufunika meza yake kabla sijakata simu, akimwambia mteja aliyekuwa anachagua arudi kesho, leo kuna mambo ya familia. Mimi nikampigia Damascène. Alipokea huku nyuma yake kuna mngurumo wa mashine, ikabidi nipaze sauti mbele ya soko zima, mimi ambaye huwa sipazi sauti.

"Damascène! Limefunguka! La mama!"

"Nini?"

"Limefunguka!"

Nikasikia anawapigia wenzake kelele kule kiwandani, "Imefunguka! Imefunguka!" na mtu mmoja akamjibu kwa hofu, "Nini imefunguka? Mashine?" na Damascène akasema, "Roza, bwana! Roza ya mama ya Iriza!" na yule mtu akauliza, "Nani huyo?" na wengine wakaanza kushangilia bila kujua wanashangilia nini. Nikaitoa simu sikioni na kuinyoosha mbele ya Maman Nzigire, ili naye asikie.